Mtani Aliyepima Uwanja Wetu

Harufu ya rangi ya mafuta bado haijaisha barazani kwangu. Juzi juzi nilimwita kijana anayeandika mabango ya maduka pale Masasi mjini, nikamwonyesha ukuta wa mbele wa nyumba yangu, nikamwambia aandike kwa herufi kubwa nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Akaniuliza kama kuna kesi. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama nimeachika, au kama kuna ndugu wanaogombea mirathi. Nikamwambia hapana, nyumba ni yangu, hati ninayo, na mume wangu hana neno. Akachovya brashi yake na kuandika huku akinitazama kwa jicho la pembeni. Jioni majirani wakapita mmoja mmoja kuuliza kwa adabu kama humu ndani kuna amani. Amani ipo. Niliitaka tu ile rangi, na nyinyi mliokulia pembezoni mwa miji hii midogo kama mimi, labda mtanielewa nikiwaeleza.

Nilizaliwa juu, Kitangari, ambako maji yalikuwa na heshima kuliko wageni. Mama alishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka, na maji hayo hayakumwagwa ovyo: yaliyooshea mchele yaliosha vyombo, yaliyooshea vyombo yalikwenda kwenye mchicha. Nilikuwa sijamaliza kung'oa meno ya utoto baba alipotushusha Masasi. Baba alikuwa fundi cherehani, na rafiki yake mmoja alikuwa amempa mahali pa kuweka mashine kwenye baraza la duka karibu na soko. Uwanja aliupata nje kidogo ya mji, mahali walipopaita Viwanja Vipya, jina ambalo nadhani kila mji wa nchi hii unalo.

Viwanja Vipya hapakuwa mjini wala shamba. Mawe ya bikoni, ya kuonyesha mipaka ya viwanja, yalichomoza katikati ya mikorosho ya watu waliokwisha kulipwa na kuondoka. Nguzo za umeme zilisimama bila nyaya. Nyumba nyingi ziliishia kwenye lenta kwa sababu wenyewe walikuwa Dar es Salaam wakitafuta mabati, na sisi tuliwajua wenye nyumba hizo kwa kuta zao tu. Watoto tulijigawia vyumba visivyo na paa. Changu kilikuwa na mpapai uliojiotea mahali ambapo pangekaa kitanda, nami nilikuwa nafagia humo kila Jumamosi kama mtu mwenye wageni. Asubuhi watu wazima walikwenda mjini, mchana mtaa ukabaki na mbuzi na wanawake, na jioni ile milima ya mawe ya Masasi ililimeza jua mapema kabla hatujamaliza kucheza.

Mama aliupenda mtaa ule kwa mapenzi ambayo sijayaona tena usoni kwake. Bomba la mtaa lilikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kusikia ndoo yake ikijaa. Siku za mwanzo alikwenda kulifungua hata asipohitaji maji, akanawa mikono, akalifunga, akarudi. Nyumba yetu aliitoa kwenye shimo lililokuwa nyuma ya nyumba yenyewe: alichimba udongo, akaukanyaga, akafyatua tofali, akazianika, na baba alipokuwa akirudi kutoka sokoni alikuta safu nyingine imeongezeka. Fundi alikuja kupandisha kuta tu. Mama alipopaka chokaa ukumbini aliniita, akanishika mkono akauweka ukutani ungali na unyevu, akaniambia, "Fatu, hii ni ya kwetu. Hapa hakuna wa kututoa."

Mwanamume wa pekee kati ya majirani aliyeshinda nyumbani alikuwa Baba Rehema. Alikuwa Myao, wa ukoo ulioishi Masasi tangu enzi za mababu, na aliizungumzia Masasi kana kwamba aliikuta haina milima akaiweka mwenyewe. Alikuwa na kiduka cha chumvi, sabuni na mafuta ya taa dirishani kwake. Siku tuliyokuwa tunashusha mizigo alikuja na fimbo yake, akasimama katikati ya vyungu vyetu.

"Nani kawaruhusu hawa wala panya kushuka?" alifoka. "Kiu imewatoa huko juu, sasa mmekuja kutumalizia maji! Haya, haka katoto nakachukua. Nitakauza kwa gunia la muhogo, na gunia nitalirudisha."

Nilipiga kelele nikajificha nyuma ya godoro. Nilichoshangaa ni kwamba baba alikuwa anacheka mpaka machozi. "Achimwene!" alisema, kwa lile neno la Kiyao la kumwita ndugu. "Umetufikia! Mchukue, ila ujue anakula kuliko wewe." Mama naye akacheka, akamtishia kwa mwiko.

Baadaye baba alinikalisha pembeni ya cherehani akanieleza. Sisi ni Wamakonde, yule ni Myao, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana, kukuzika, kukuuza, na wewe unamrudishia. "Na usimwogope," alisema. "Mtani akikwambia jambo, jua jambo hilo halipo. Lingekuwepo asingelisema."

Nililipokea neno lile kama sheria. Kwa akili yangu ya wakati ule, nilielewa kwamba Wayao wote hawawezi kusema kweli, kwamba ndivyo walivyoumbwa. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Myao, na kwa muhula mzima sikuliamini jedwali la kuzidisha. Nilipochapwa nilidhani na hizo fimbo ni utani, nikashangaa kwa nini zinauma.

Kwa Baba Rehema nilikuwa hodari. Watu wazima wengine wote niliwaamkia kwa kupiga goti. Yeye sikumpa shikamoo hata siku moja, wala hakuitaka. Nikipita na ndoo nilimwambia, "Myao, hujafa tu? Kaburi lako nimeshalichimba, linajaa maji." Naye alitoa kichwa dirishani akajibu, "Lipanue, mjukuu wa panya, nataka kuingia na kitanda changu." Shangazi yangu, dada yake baba, alipofia nyumbani kwetu, Baba Rehema ndiye aliyeshinda pale siku zote. Jeneza lilipotoka alilala kifudifudi njiani, akasema haliendi popote mpaka marehemu aamke amuage, maana yule mama alikuwa mchumba wake na ameondoka bila kumwambia. Mama, aliyekuwa amelia mpaka sauti imekauka, akaanza kucheka, na baba akacheka, na jeneza likapita. Siku ile nilimpenda mzee yule kuliko ndugu zangu wa damu.

Kuhusu baba, kuna mambo niliyoyaona kila siku na sikuyaelewa. Akirudi sokoni alitoa kigoda nje, akakiweka ukingoni kabisa mwa uwanja, akakaa akitazama njia. Waliopita walimpungia mkono bila kushuka baiskeli. Wenye pikipiki walipiga honi. Baba aliwajibu wote, "Karibuni! Karibuni jamani!" na hakuna aliyekaribia. Nilidhani anapumzika. Kule Kitangari alikuwa hawezi kumaliza kikombe cha chai bila mtu kuja kukaa. Hapa kigoda cha pili alichokuwa akikitoa kilikaa wazi mpaka giza, akakirudisha ndani. Siku moja alimuuliza mama jina la watu wa nyumba ya kona, ambao tulikuwa tumekaa nao jirani muda mrefu. Mama hakulijua. "Yaani mtu akifa hapa," baba alisema, "wa kumtafuta ni nani?" Mama akamwambia asiharibu chakula.

Kisha akaanza kupanda Kitangari mara kwa mara. Alisema anakwenda kusaidia kupalilia mikorosho ya kaka yake, na alirudi na mbaazi, na uso umefunguka. Ni wakati huo huo utani wa Baba Rehema ulibadilika, ingawa mimi niliona umenoga tu. Aliacha kutaka kuniuza. Sasa aliitaka nyumba.

"Mama Fatu," aliita akiwa anavuka kuja kwetu, "hii nyumba ni yangu. Mkimaliza kuvuna mbaazi mnanipisha, Rehema wangu anarudi na watoto."

"Chukua," mama alijibu bila kuacha kupepeta. "Na mbu wake uwachukue."

Nakumbuka alasiri moja kuliko zote. Alikuja amevaa kanzu safi, akaanza kupima uwanja wetu kwa hatua, kutoka kwenye bikoni ya juu mpaka kwenye shimo la tofali. Mimi nilimfuata nyuma nikimwiga, mikono mgongoni, tumbo mbele. Mama alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika fremu. Baba alikuwa amekaa barazani akishona kifungo cha shati langu la shule. Baba Rehema alifika shimoni, akageuka, akapima na upande wa pili, akiwa makini sana kwa mtu anayetania.

"Umeona inakutosha, mtani?" mama alimuuliza.

"Inatosha," alisema. "Ila huu mlango nitauhamisha. Upepo wa huku unaingiza vumbi."

"Hamisha! Ukimaliza uuweke na kichwani kwako, labda upepo utaingiza akili."

Niligaragara kwa kicheko. Nilikimbilia kwa baba nikamwambia, "Baba, mjibu na wewe! Mjibu!" Baba alikata uzi kwa meno. Baba Rehema alikuwa anamtazama yeye, hakuwa anamtazama mama, na alimtazama kwa muda mrefu. "Vaa shati lako," baba aliniambia. Nilivaa, nikarudi kupima uwanja kwa hatua peke yangu.

Mbaazi zikavunwa. Siku moja nilikuwa natoka shule nikamkuta Baba Rehema amekaa kwenye jiwe karibu na bomba. Nilianza kwa mbali, kama kawaida yangu. "Myao! Bado unapumua? Mchanga wa kaburi umeshaanza kuota majani!"

Nilipofika karibu alivua kofia yake. "Leo niamkie, mwanangu," alisema. "Niamkie kama watu."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. "Shikamoo," nikasema, na neno lilitoka kwa shida, maana sikuwahi kumpa.

"Marahaba. Mama yupo?"

Nilijua hapo. Sikujua nini, lakini nilijua kwamba kitu kibaya kimekwisha kutokea. Mtani wangu alikuwa amegeuka mzee wa kuamkiwa, na hakuna mtu aliyekuwa amenieleza nifanye nini hilo likitokea. Nilimfuata nyuma bila kumwiga.

Mama alikuwa uani anatwanga. Baba Rehema hakukaribia kinu. "Mama Fatu, nimekuja kuuliza siku," alisema. "Rehema amefika na watoto, wamejazana kwangu."

"Siku ya nini tena, mtani? Ya kukuzika?"

"Ya kunipisha."

Mama alicheka, akaendelea kutwanga. Kisha akaona kofia iko mkononi. Mchi ukasimama.

"Leo sitanii," alisema Baba Rehema. "Mwenzio tumeandikiana tangu kabla ya palizi. Alisema kukwambia anashindwa, atakuvunja moyo. Akasema, 'Mwambie wewe kwa njia yenu, wewe ni mtani, ataizoea taratibu.' Nimekwambia kila siku, Mama Fatu. Nilipopima pale ukanijibu vile, nikasema basi, ameelewa, amekubali kwa njia yake."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye pumba. "Wewe ulijua," alisema. "Ulipima, ukatuona tunacheka, mimi na mtoto. Ulijua hatujaelewa." Baba Rehema alivaa kofia yake, akaondoka, na mimi nilimchukia kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kuchukia, ambacho si kidogo. Lakini hata wakati ule nilijua kwamba chuki ile imekosea mlango.

Baba aliporudi, kigoda hakukitoa. Aliona chakula hakijapikwa, akajua. Mama alimuuliza bila kupaza sauti, "Umeuza nyumba?"

"Mliambiwa," baba alisema.

"Na nani?"

"Na mtani wenu. Hapa hapa mlangoni, kila siku. Tena mlikuwa mnamjibu."

Nimeishi miaka mingi sasa, nimesikia watu wakidanganywa kwa namna nyingi, lakini sijasikia jibu la kuniumiza kama lile. Angekana, ningesema ni mwongo. Angelia, ningemhurumia. Alisema mliambiwa, na kwa namna fulani ilikuwa kweli. Nilisimama mbele yake nikiwa na lile shati aliloliwekea kifungo. "Baba, wewe ulisema mtani akisema jambo, jambo hilo halipo," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ulisema." Hakunitazama. Alimtazama mama, akasema maneno yaliyokuwa yamemkaa muda mrefu: kwamba hapa si mahali pa mtu kuzeeka, kwamba watu wa hapa wanapungiana mikono kama abiria, kwamba amepata shamba zuri la mikorosho Kitangari, kwa watu, kwetu.

"Kwenu," mama alisema. "Maji ya huko huchoti wewe."

Mjomba wangu alimshauri mama aende baraza la kata, kwa kuwa mke hauziwi nyumba bila yeye kukubali. Mama alikwenda, akaketi kwenye benchi, na mzee mmoja wa baraza akamuuliza kama ni kweli mbele ya watu alimwambia mnunuzi "chukua". Alijibu kwamba alisema. Akainuka akarudi nyumbani kufunga mizigo. Tulirudi juu kwenye lori la mtu aliyekuwa anafuata mbao, mama mbele na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, mimi nyuma na vyungu. Rehema alikuwa ameshaanika nguo za watoto wake kwenye kamba yetu kabla lori halijawashwa.

Mama alichota maji bondeni mpaka mwili ulipokataa. Hakugombana na baba, hakuondoka, alimpikia na kumuuguza, na watu walimsifu kwa ndoa yao. Ila hakumtania mtu tena. Watani walikuja misibani na harusini, wakampigia kelele, wakamwita kila jina, naye aliwaitikia kwa heshima, "Karibuni, karibuni mkae," mpaka wakanyong'onyea. Alipofariki, watani walikaa kimya kwenye jeneza lake. Nadhani walikuwa wamesahau kwamba inaruhusiwa. Tulimzika pembezoni mwa lile shamba la mikorosho, kwa sababu ndilo lililokuwa letu.

Baba yupo. Amezeeka vizuri, baraza lake halikosi watu, na viti vyake vyote vina wenyewe. Alipata alichokitaka, na nikimtazama katikati ya wenzake naona hata leo angefanya vile vile. Nilipokwenda kumsalimia mara ya mwisho alikuwa amezungukwa na wazee na wajukuu, na mtu mmoja akamlalamikia kuhusu shida ya maji. "Mimi wala haitanisumbua," baba alisema kwa sauti ya kufurahisha baraza. "Nitaliuza hili shamba, nishuke Masasi kwa Fatu, nikafungue bomba mpaka nichoke." Wote walicheka. Mdogo wangu alicheka, na watoto wangu wakacheka, kwa sababu babu yao anapenda mchezo.

Mimi nilimuuliza, "Umeshamuuzia nani, baba?"

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Baba alinitazama usoni, na nilimwona amezeeka zaidi kuliko dakika ile iliyopita. "Natania tu, mama," alisema taratibu. "Mama yako amelala pale. Naweza kuuza pale?"

"Nimekusikia, baba," nilimjibu, nikapiga goti, nikamwongezea chai.

Asubuhi yake nilitoka kabla hajaamka, nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba aniambie kama shamba la baba yangu bado ni letu, kisha nikashuka Masasi kumtafuta yule kijana wa rangi.